Tabayyun katika Chumba cha Seva: Kuchelewesha Arifa za Mtandao bila Kuficha Tatizo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika darsa letu la baada ya Isha, mlezi wa jumuiya alituomba kila mmoja aandike jambo kutoka katika fani anayosoma, aonyeshe dini yetu inavyoigusa. Mimi nasoma teknolojia ya habari, na kwa mwaka wa pili sasa nafanya kazi ya kujitolea katika kitengo kinachosimamia mtandao wa chuo. Nimechagua jambo dogo: ni muda gani programu ya kuangalia mtandao isubiri kabla ya kupiga kelele kwamba kifaa kimeanguka. Nimelichagua kwa sababu nilimdhulumu mtu kwa sababu yake, na baadaye nikawadhuru wengine nilipojaribu kulirekebisha.

Anayesoma teknolojia atapata hapa mipangilio ya kutumia. Anayesoma sheria, ualimu au uuguzi asiruke kurasa hizi, kwani mwisho wa somo unamhusu pia.

1. Kilichotokea usiku wa Ramadhani

Chuo chetu kina swichi 31 zilizotawanyika katika madarasa, maktaba na mabweni. Katika chumba cha seva kuna kompyuta moja yenye programu ya Nagios, ambayo kila baada ya dakika chache huuliza kila swichi: upo? Isipojibiwa, hutuma ujumbe mfupi wa simu kupitia modemu yenye laini. Kompyuta hiyo iko kwenye UPS, kwa hiyo umeme ukikatika yenyewe hubaki hai. Swichi za mabweni hazina UPS. Huzimika papo hapo, jenereta huchukua kama dakika mbili kushika, kisha swichi huchukua nyingine mbili na zaidi kuwaka hadi ianze kujibu.

Ramadhani iliyopita nilikuwa na zamu ya usiku. Siku chache kabla, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza alikutwa amechomoa waya wa swichi ya ghorofa yao ili achomeke birika la umeme na kuchemsha maji ya daku. Alionywa, akaomba radhi, yakaisha.

Usiku mmoja saa 10:07 simu yangu ililia: swichi ya ghorofa ile ile imeanguka. Wakati wa daku. Sikufikiri mara mbili. Nikaandika katika kundi la bweni, lenye watu zaidi ya mia, kwamba ndugu fulani amerudia mchezo wake, na kwamba kwa ajili ya chai yake watu wanakosa mtandao. Nikamtaja kwa jina. Wengine wakaongezea yao, na kufikia adhana ya Alfajiri alikuwa amekwisha kuitwa mwizi wa umeme.

Hakuwa amegusa kitu. Alikuwa msikitini tangu tahajjud. Umeme ulikatika saa 10:04, jenereta likashika saa 10:06, na kufikia saa 10:09 swichi ilikuwa imeamka. Mimi kwangu taa inatumia betri, hata sikujua kwamba umeme umekatika.

Nilimfuata baada ya sala. Aliniambia, "Kaka, ungenipigia tu simu." Nikaomba radhi katika kundi lile lile nililomtajia. Lakini mnajua hali ya makundi: tuhuma ilisomwa na wote, na radhi ilisomwa na wachache.

2. Programu huamuaje kwamba kifaa kimeanguka?

Mlezi wetu alipopata habari alinisomea aya ya 6 ya Suratul-Hujurat, ile inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuichukulia hatua, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Wanazuoni huliita jambo hilo tabayyun. Akaniuliza, "Hiyo mashine yako, nayo hufanya tabayyun?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye faili la mipangilio. Nikakuta kwamba hufanya, lakini kwa kiasi unachoiagiza wewe.

Nagios Core hutofautisha hali mbili. Kifaa kinaposhindwa kujibu mara ya kwanza, huwekwa katika hali iitwayo SOFT, yaani tuhuma ambayo haijathibitika. Programu huuliza tena na tena kwa idadi uliyoipanga. Zikitimia zote bila jibu, hali hugeuka HARD, na hapo ndipo suala la kutuma arifa huanza. Mistari mitatu huongoza jambo hili:

check_interval: ni kila baada ya muda gani kifaa kiulizwe kikiwa salama.
retry_interval: ni kila baada ya muda gani kiulizwe tena kikishatiliwa shaka.
max_check_attempts: ni mara ngapi kiulizwe kabla ya kuhukumiwa.

Kipimo cha muda kwa kawaida ni dakika moja, isipokuwa mtu awe amebadilisha interval_length, ambayo huja ikiwa sekunde 60.

Sisi tulikuwa na 5, 1 na 3. Tuufuate usiku ule kwa saa. Saa 10:00 swichi imejibu. Saa 10:05 imeulizwa, kimya: SOFT ya kwanza. Saa 10:06, kimya: ya pili. Saa 10:07, kimya: ya tatu, hali ikawa HARD na ujumbe ukatoka. Saa 10:09 swichi iliamka, lakini programu haikujua hadi ilipouliza tena saa 10:12. Hapo ikatuma ujumbe wa pili kwamba swichi imepona. Ukatikaji wa dakika tano ulizaa jumbe mbili kwa kila swichi. Umeme ukikatika chuo kizima, ni jumbe 62, na hakuna hata moja inayohitaji mtu anyanyuke kitandani.

Kwa hiyo mashine haikusema uongo. Ilisema swichi haijibu, na kweli haikujibu. Kwamba kuna mtu kaichomoa, hilo nililiongeza mimi.

3. Mstari wa kuchelewesha

Dawa ya jumbe za aina hii ni mstari mmoja katika maelezo ya kifaa:

first_notification_delay 10

Maana yake: tatizo likithibitika, usitume arifa ya kwanza hadi dakika kumi zipite. Likipona kabla ya hapo, nyamaza. Na kwa kuwa arifa ya tatizo haikutoka, ya kupona nayo haitoki. Ukiandika 0, au usipoandika kitu, arifa hutoka mara tu hali inapokuwa HARD.

Kuna mambo matatu ambayo wengi huyakosea hapa.

La kwanza: dakika hizo huhesabiwa tangu lini? Katika toleo tunalotumia, huhesabiwa tangu mara ya mwisho kifaa kuonekana kizima. Hazihesabiwi tangu kilipohukumiwa kuwa kimeanguka. Rudi kwenye mfano wetu: mara ya mwisho ilikuwa saa 10:00. Ukiweka 5, muda unaisha saa 10:05, na hukumu inatoka saa 10:07. Muda umekwisha kabla ya hukumu, kwa hiyo ujumbe utatoka saa ile ile 10:07 kama vile hukuandika kitu. Niliweka 5 mwanzoni, nikashangaa kwa wiki nzima kwa nini hakuna kilichobadilika. Ucheleweshaji lazima uzidi jumla ya muda wa kuuliza na kuuliza tena.

La pili: programu haitumi ujumbe dakika ileile muda unapotimia. Hungoja ulizo linalofuata. Ukiweka 10, muda unatimia saa 10:10, lakini ulizo linalofuata ni saa 10:12. Kama swichi bado iko kimya, ujumbe unatoka 10:12. Kama imeamka, kama ilivyokuwa usiku ule, hakuna ujumbe.

La tatu: kuchelewesha arifa hakufuti habari. Kumbukumbu ya programu inaandika kila kitu, na ukurasa wake unaonyesha kifaa chekundu kuanzia ulizo la kwanza lililoshindwa. Asubuhi utayakuta yote. Kinachosubiri ni kumwamsha mtu tu.

Ukimaliza kuhariri, usiwashe programu upya kwa matumaini. Kwanza ikague kwa amri ya nagios -v ikifuatiwa na mahali lilipo faili kuu la mipangilio. Ikisema hakuna kosa, ndipo uipakie upya. Kosa la herufi moja linaweza kuizuia programu yote isiwake, na hapo utabaki na kimya ambacho hakina uhusiano wowote na usalama.

4. Kosa langu la pili

Ningependa somo liishie hapo, lakini halikuishia.

Kwa aibu ya yale yaliyotokea, niliona heri kusubiri sana kuliko kuharakisha. Nagios huruhusu violezo: unaandika mipangilio mara moja katika kiolezo, na vifaa na huduma zote huirithi kwa neno use. Nikaingia katika violezo vikuu, nikaandika first_notification_delay 60. Saa nzima, kwa kila kitu: swichi, printa, seva. Simu yangu ikatulia, nami nikalala vizuri.

Wiki ya mitihani ilifika. Seva ya usajili, ambayo wanafunzi huchapisha kutoka kwake vibali vya kuingilia mtihani, ilijaza diski yake asubuhi. Ilijibu vizuri kwa mara ya mwisho saa 2:40. Saa 2:47 programu ilikwisha kuthibitisha kwamba ukurasa haufunguki. Lakini niliiagiza isubiri saa moja, nayo ikatii. Ujumbe ulinifikia saa 3:42.

Mtihani ulianza saa 3:00. Nilipofika kwenye ofisi ya usajili nilikuta foleni hadi kwenye ngazi. Miongoni mwao alikuwa dada mmoja wa mwaka wa pili ambaye alimaliza kulipa ada yake jana yake jioni, baada ya baba yake kuuza ng'ombe. Kibali alikipata karibu saa 4:00. Aliongezewa nusu saa tu mwishoni, na nusu nyingine ikapotea.

Kuisafisha diski kulinichukua dakika 13. Ningepata ujumbe saa 2:47, seva ingekuwa imesimama saa 3:00. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Mara ya kwanza nilidhulumu kwa haraka. Mara ya pili nilidhulumu kwa kuchelewa, na nikakuita kuchelewa huko hekima. Mtume (S.A.W.) alimsifu Ashajj wa kabila la Abdul-Qays kwa sifa mbili anazozipenda Allah: upole na utulivu wa kutoharakisha. Nilidhani nimeishika ya pili. Lakini mtulivu hutumia muda wake kuhakikisha. Mimi nilikuwa nimeziba masikio.

5. Kupanga muda kwa kipimo, si kwa kukisia

Baada ya hapo fundi mkuu alinikalisha chini na kuniambia nichukue kumbukumbu za mwezi mmoja, niandike kila swichi ilipoanguka na ilipopona. Kazi ya jioni mbili. Picha ikawa wazi: idadi kubwa ya ukatikaji iliisha ndani ya dakika sita, yaani umeme na jenereta. Uliopita dakika nane karibu wote ulihitaji mtu: kebo imekatwa na wajenzi, kifaa kimeungua, jenereta halina mafuta.

Kutokana na hapo tulipata kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha somo hili: muda wa kusubiri uwe mrefu kuliko tatizo linalojiponya lenyewe, na mfupi kuliko muda ambao madhara yanaanza kumfikia mtu. Kama mipaka hiyo miwili imegusana, yaani madhara yanaanza kabla ya tatizo kujiponya, usicheleweshe kabisa.

Kwa kanuni hiyo tuligawa hivi:

Swichi za mabweni na madarasa: dakika 10. Zinaanguka na umeme na kuamka nao.

Printa za maktaba: dakika 30, na notification_period iwe saa za kazi tu. Hakuna haja ya kumwamsha mtu kwa ajili ya karatasi iliyokwama.

Seva ya usajili na ya ada: 0. Zinauliza mara tatu kwa dakika moja moja, hiyo ndiyo tabayyun yake. Wiki za mitihani tunashusha check_interval kutoka 5 hadi 1.

Joto la chumba cha seva na chaji ya UPS: 0. Betri inayobakiza dakika kumi haiwezi kuwekewa subira ya dakika kumi.

Nafasi ya diski: hapa tuliongeza ulizo ambalo halikuwepo kabisa. Diski ikifika asilimia 80 tunapata onyo, ikifika 90 tunapata tahadhari kubwa. Laiti lingekuwepo, ile asubuhi ya foleni isingetokea.

Tulifanya mambo mengine mawili. Swichi zilizo nyuma ya swichi nyingine tuliziandikia mzazi wake kwa neno parents. Mzazi akianguka, programu huwaita walio nyuma yake UNREACHABLE, yaani hawafikiki, wala haisemi kwamba wameanguka, kwa hiyo unaweza kuiagiza itume ujumbe kwa ajili ya mzazi peke yake. Kisha tukaweka ngazi za kupandisha habari: ujumbe wa kwanza huja kwa mwenye zamu, na asipouitikia ndani ya nusu saa, wa pili humfikia fundi mkuu pia. Mwenye zamu ni binadamu, anaweza kuwa katika sala au amepitiwa na usingizi. Amana ya watu isining'inie kwenye simu moja.

6. Kama unatumia programu nyingine

Wazo hili liko katika programu zote za aina hii, majina tu hubadilika.

Katika Icinga 2, iliyotokana na mradi uliojitenga na Nagios mwaka 2009, ucheleweshaji huandikwa ndani ya arifa yenyewe: chini ya times unaweka begin = 10m.

Katika Zabbix, arifa hupangwa kwa hatua. Ukitaka kuchelewesha, ujumbe uanzie hatua ya pili, na hatua ya kwanza iachwe tupu. Urefu wa hatua ndio muda wako wa kusubiri. Angalia urefu huo, kwa sababu usipoubadilisha ni saa nzima, na mimi nimekwisha kuwaeleza saa nzima inaweza kufanya nini.

Katika Prometheus, kila kanuni ya tahadhari inaweza kuwa na neno for. Ukiandika for: 10m, tahadhari hukaa katika hali ya kungojea, na huwaka ikiwa tu tatizo limedumu dakika kumi mfululizo. Kisha Alertmanager ina group_wait yake, ambayo hungoja kidogo ili ikusanye tahadhari zinazofanana katika ujumbe mmoja. Usichanganye hivi viwili: for inathibitisha, group_wait inakusanya.

7. Tunachoondoka nacho

Ndugu zangu, nyote mnabeba mashine ya arifa mfukoni. Habari ikikufikia kuhusu ndugu yako, jiulize yale matatu tuliyoiuliza mashine. Je, nimeuliza zaidi ya mara moja, au nimehukumu kwa kimya cha kwanza? Je, jambo hili laweza kujieleza lenyewe nikisubiri kidogo? Na je, kuna mtu anayeumia wakati nasubiri?

Swali hilo la tatu ndilo tunalolisahau tunapozungumzia subira. Ukiambiwa kwamba ndugu fulani amefanya jambo la aibu, ngoja, muulize mwenyewe, na huenda usihitaji kusema kitu. Lakini ukiambiwa kwamba ndugu fulani hajala tangu jana, au amejifungia chumbani hajibu mlango, hiyo ni betri ya UPS. Usiiwekee dakika kumi. Nenda.

Yule ndugu wa mwaka wa kwanza sasa yuko nasi katika kitengo. Alijiunga mwenyewe, na alisema anataka kuona hiyo mashine iliyomsingizia. Nilimwonyesha kumbukumbu ya usiku ule: mistari mitatu, saa 10:05, 10:06, 10:07. Akaisoma akasema, "Mashine haikunitaja." Ni kweli. Yeye ndiye aliyeandika mipangilio ya printa za maktaba, na Ramadhani ijayo, inshaallah, zamu ya usiku ni yake na yangu.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kifaa kinaulizwa kila baada ya dakika 3, kikishukiwa kinaulizwa kila dakika 1, na huhukumiwa baada ya mara 4. Kilijibu mara ya mwisho saa 5:00. Hukumu itatoka saa ngapi? Ukiweka ucheleweshaji wa dakika 5, utabadilisha chochote?

2. Taja huduma moja hapa chuoni ambayo isicheleweshewe arifa hata dakika moja, na ueleze ni nani atakayeumia ikichelewa.

3. Mtu akishamtuhumu mwenzake mbele ya watu mia kisha akagundua amekosea, radhi yake ifikishwe vipi ili iwafikie wale wale waliosoma tuhuma?

Jibu la swali la kwanza: kimya cha kwanza ni saa 5:03, cha nne ni saa 5:06, na hapo ndipo hukumu inatoka. Ucheleweshaji wa dakika 5 unaisha saa 5:05, kwa hiyo hautabadilisha kitu. Mengine mawili nawaachia.

Lililo sahihi katika haya ni kutoka kwa Allah, na lililo kosa ni langu. Wabillahi tawfiq.